Kila kosa lina mwaka wake: bodi ya mota niliyoiunguza Nyamira

Naomba radhi kwa kimya cha miezi kadhaa. Waliozoea kusoma hapa habari za programu watashangaa kidogo leo, kwa sababu muda huo wote sikuwa mbele ya kompyuta sana. Nilikuwa Nyamira, nyuma ya jikoni ya shangazi yangu, nikiunguza transista. Nimeunguza kumi na moja. Hesabu ni sahihi, maana zote nimeziweka kwenye kopo tupu la majani chai, na kila mgeni anayefika hapo huonyeshwa na kucheka.

Chanzo ni binamu yangu. Yeye ni mwendesha bodaboda, na pikipiki yake ni ya umeme, aliyoichukua kwa mkopo. Siku moja ya soko alipakia abiria pamoja na gunia la ndizi akapanda nalo mlima wa Manga. Anayejua ukingo wa Manga anajua ninachosema. Katikati ya mlima pikipiki ikakata, pakatoka harufu ya kuungua, abiria akashuka akaenda kwa miguu. Kilichokufa ni kidhibiti cha mota, ambacho waendeshaji wenyewe wanakiita kontrola: kile kisanduku kinachokaa kati ya betri na mota na kuamua umeme kiasi gani upite.

Nilikifungua nikakuta kimejazwa gundi nyeusi, ngumu kama jiwe la Tabaka. Aliyemuuzia alimwambia kitu hicho hakitengenezwi, hubadilishwa kizima, na kipya kitangojwa wiki kadhaa. Mkopo nao haungoji. Nikamwambia kwa kiburi cha mtu wa programu, "Nipe wiki mbili, nitakuundia kingine."

Zikawa miezi mitano. Leo sitaki kuwapa mchoro wa bodi, hiyo tutaifanya siku nyingine. Nataka kuwasimulia jambo nililoligundua njiani: hakuna kosa hata moja kati ya makosa yangu ya umeme ambalo lilikuwa jipya. Kila moja lina mwaka wake, na mtu aliyelifanya au kulieleza kabla babu yangu hajazaliwa. Laiti ningesoma historia kwanza, kopo la shangazi lingekuwa bado na majani chai.

Mlango wa maji wa sokoro

Tuanzie nyumbani. Kabla ya umeme, hata kabla ya vinu vya dizeli, Gusii ilikuwa na vinu vya maji. Katika miaka ya 1930 na 1940 vilienea kwenye mito yetu, kwa sababu mahindi yalikuwa mengi, milima ni mikali, na mvua haikosekani. Sokoro, yaani babu yetu, alikuwa akipeleka mahindi kwenye kinu kama hicho alipokuwa mtoto, na alipenda kutusimulia habari za mlango wa maji.

Mfereji ulileta maji kutoka mtoni hadi kwenye gurudumu. Mbele ya gurudumu kulikuwa na ubao unaoinuliwa na kushushwa. Ukiinua, jiwe linasaga. Ukishusha, maji yanazuiwa. Lakini jiwe, alisema sokoro, halisimami papo hapo. Ni zito, huendelea kuzunguka kwa muda. Na mtu akishusha ubao kwa ghafla, maji yaliyokuwa yakija kwa kasi hayakubali. Yanapiga ubao, yanaruka juu, yanamlowesha mwenye kiburi.

Shikeni mambo hayo matatu: mlango, jiwe linaloendelea kuzunguka, na maji yanayopiga ubao. Kontrola ya pikipiki yote imo humo.

Baadaye vikaja vinu vya dizeli, kisha vya umeme. Kwenye kinu cha posho cha umeme pale sokoni utaona kisanduku ukutani ambacho fundi hukiita sta-delta. Kazi yake ni kuanzisha mota taratibu. Ikianza kwa mpangilio wa nyota, huvuta theluthi moja tu ya umeme ambao ingeuvuta kwa mpangilio wa delta, kisha ikishapata kasi inabadilishwa. Ni kifaa kizuri, lakini kinajua hatua mbili tu. Bodaboda inayopanda Manga inahitaji hatua zote zilizo katikati.

1888: kuchoma ziada

Wazo langu la kwanza lilikuwa rahisi. Kama umeme ni mwingi, weka kipingamizi njiani ukaupunguze. Ndivyo tramu za kwanza zilivyofanya. Mwaka 1888 Frank Sprague alianzisha tramu za umeme katika mji wa Richmond, Virginia, nchini Marekani, ambao nao una milima. Kwenye tramu nyingi za enzi hizo dereva alizungusha mkono, na vipingamizi vikaingizwa au kutolewa njiani kwa hatua.

Nilipiga hesabu kabla ya kununua chochote, kwa bahati nzuri. Betri ya binamu ni volti 72. Tuseme mota inataka nusu ya hizo, volti 36, na inavuta ampea 40. Volti 36 zilizobaki zinaangukia kwenye kipingamizi: 36 mara 40 ni wati 1,440. Hiyo ni birika la umeme linalochemka chini ya kiti cha abiria, na nusu ya betri imegeuka kuwa joto bure.

Mwaka 1891 Harry Ward Leonard alileta njia bora: mota moja izungushe jenereta, na jenereta hiyo ilishe mota ya pili. Ukibadilisha umeme mdogo unaoamsha sumaku za jenereta, unatawala umeme mkubwa unaokwenda kwenye mota. Lifti na mitambo ya migodini ilitumia mpango huo kwa miongo mingi. Uzuri wake ni kwamba hauchomi ziada. Ubaya wake ni kwamba unahitaji mashine tatu ili kuendesha moja. Pikipiki haina nafasi hiyo.

1957 na 1979: kufungua na kufunga haraka

Jibu lilikuwa kwenye mlango wa sokoro, ila mtu auchezeshe upesi. Usiufungue nusu. Ufungue wote, uufunge wote, mara elfu nyingi kwa sekunde. Ukiwa wazi nusu ya muda, mota inaona nusu ya umeme. Mlango uliofungwa kabisa haupitishi kitu, kwa hiyo haupati joto. Uliofunguliwa kabisa hauzuii kitu, kwa hiyo joto lake ni dogo sana. Joto kubwa huzaliwa katikati, wakati mlango uko nusu.

Nani atauchezesha kasi hiyo? Mkono wa binadamu hauwezi, na swichi ya chuma itayeyuka. Mwaka 1957 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitengeneza thairista, swichi ya silikoni inayobeba umeme mkubwa. Magari madogo ya ghalani yanayonyanyua mizigo yakaanza kuitumia. Tatizo ni kwamba thairista ina ukaidi: ukishaifungulia umeme haifungi kwa amri yako, mpaka umeme wenyewe ukatike, kwa hiyo wahandisi walilazimika kuongeza sakiti nzima ya kuinyamazisha.

Mbinu ya mapigo haraka ilifika hadi mwezini. Julai 1971 wanaanga wa Apollo 15 waliendesha gari la magurudumu manne huko, kila gurudumu na mota yake ya robo ya nguvu ya farasi, betri za volti 36, na mwendo ukidhibitiwa kwa upana wa mapigo. Mpango wenyewe ni ule ule ulio kwenye pikipiki ya binamu yangu.

Wakati huo transista ya aina ya mosfeti ilikuwa tayari ipo. Mohamed Atalla na Dawon Kahng waliiunda katika maabara ya Bell mwaka 1959. Lakini ilikuwa ya umeme mdogo, wa redio na kompyuta. Mwaka 1979 kampuni ya International Rectifier ilianza kuuza mosfeti za nguvu zenye maelfu ya vyumba vidogo ndani ya kipande kimoja cha silikoni, vyote vikifanya kazi sambamba. Kuanzia hapo mtu wa kawaida aliweza kununua swichi ya kushika ampea nyingi, ikafunguka na kufunga kwa amri. Mguu wake mmoja unaitwa geti. Sokoro angelielewa jina hilo bila kufundishwa.

Mimi nilipata za kwanza kwenye bodi za yuu-pii-esi zilizokufa, mjini Kisii. Nyingine niliagiza kutoka Luthuli, Nairobi, zikaja kwa matatu ndani ya bahasha.

1832: cheche ya Henry

Bodi ya kwanza ilikuwa na mosfeti moja, betri ya gari ya volti 12, na mota ya kuanzishia injini niliyoitoa kwenye gari bovu. Programu yangu ilikuwa safi. Nilifungua geti, mota ikaruka. Nilifunga geti, na mosfeti ikapasuka kwa mlio kama wa fataki. Kuku wote wa shangazi wakahama.

Mota ni koili za waya, na koili ina ukaidi wa maji ya mferejini. Umeme ukishaanza kupita ndani yake haupendi kukatizwa. Mwaka 1832 Joseph Henry wa Marekani alichapisha alichokiona: akikatiza umeme kwenye waya mrefu, hasa uliosokotwa, cheche kubwa inaruka pale anapokatizia. Umeme unajitafutia njia kwa kupandisha volti mpaka ipatikane. Njia yake ilikuwa transista yangu.

Dawa yake inajulikana tangu zamani. Weka diodi ya kuupa umeme njia ya kuzungukia mlango ukifungwa, kama jiwe la kinu linavyoachiwa lizunguke mpaka litulie. Diodi moja ingeokoa transista tatu za mwanzo. Ndiyo, tatu, kwa sababu mara mbili zilizofuata nililaumu transista.

1841: joto la Joule

Bodi ya pili niliichapisha kwenye sebakafe mjini Kisii, nikahamisha wino kwa pasi ya nguo hadi kwenye bamba la shaba, nikalila shaba ya ziada kwa kloridi ya feri. Ilipendeza sana, njia nyembamba zimejipanga kama mistari ya majani chai ya Kebirigo. Niliiwasha kwa ampea 60. Baada ya muda mfupi njia moja ikabadilika rangi, ikavimba, ikabanduka kutoka kwenye bodi.

James Joule alieleza jambo hilo mwaka 1841: joto kwenye waya hukua kwa mraba wa umeme. Ukizidisha ampea mara mbili, joto linakuwa mara nne. Shaba ya bodi za kawaida ina unene wa maikromita 35 tu. Njia yangu ilikuwa na upana wa milimita 5 na urefu wa sentimita 10. Ukinzani wake ni kama mili-omu 10, kitu cha kudharau. Kwa ampea 30 inatoa wati 9. Kwa ampea 60 inatoa wati 36, kwenye utepe mwembamba kuliko karatasi.

Sisi watu wa programu tuna ugonjwa mmoja: tukiona mstari kwenye mchoro tunaamini hauna uzito. Kwenye ampea 60 kila mstari ni hita. Fundi mmoja wa jua kali pale Daraja Mbili aliangalia bodi yangu akauliza swali moja tu: "Mbona umeme wa welding umeupitisha kwenye uzi?" Akachuna waya wa shaba wa kuwekea umeme nyumbani, akaulaza juu ya kila njia nene na kuulehemu kwa risasi nyingi. Hilo ndilo toleo la tatu, na bodi ile mpaka leo ina mapigo yake ya nyundo.

Hapo pia jiwe la Tabaka lilinifaa. Vipingamizi vyangu vya majaribio vilikuwa vikiunguza meza, nikaviweka juu ya kipande cha jiwe la sabuni nilichopewa na mchongaji. Haliungui, linameza joto, na likiwa kavu halipitishi umeme. Baadaye nilisoma kwamba mwanzoni mwa zama za umeme mbao za swichi kwenye mitambo zilitengenezwa kwa mawe kama hayo. Hata hapo nilichelewa zaidi ya miaka mia moja.

1832 tena

Toleo la nne lilikuwa la mota yenyewe ya pikipiki. Mota hiyo haina brashi za kaboni. Ina nyaya tatu, na kontrola ndiyo inayozibadilishia zamu, ikisoma vihisi vinavyotumia jambo alilogundua Edwin Hall mwaka 1879. Swichi ni sita, mbili kwa kila waya: moja inaunganisha na chanya, nyingine na hasi. Niliweka mosfeti mbili sambamba kwa kila swichi, za kuhimili volti 100. Betri ya volti 72 ikijaa kabisa inafika 84. Nikajiona nina nafasi ya kutosha.

Zilikufa nne kwa siku moja. Diodi zilikuwepo, shaba ilikuwa nene. Kwa nini?

Kapasita zangu kubwa nilizipanga vizuri pembeni, kwa unadhifu, sentimita 10 kutoka kwenye mosfeti. Sentimita 10 za waya ulionyooka, bila kusokotwa, nazo ni koili ndogo, kiasi cha nano-henri 100. Nilikuwa nikizima ampea 80 ndani ya nano-sekunde 100. Piga hesabu: volti 80 zinaruka juu ya zile 84 za betri. Jumla 164, kwa kifaa cha 100. Alikuwa Henry yule yule, safari hii kwenye waya ambao sikuuona kama koili.

Nikazisogeza kapasita hadi karibu kugusa mosfeti, nikaweka kipingamizi kwenye kila geti ili mlango usifungwe kwa hasira, na nikanunua mosfeti za volti 150. Kilele kikashuka. Mpango wa vitu juu ya bodi, kumbe, ni sehemu ya sakiti.

Kosa langu mwenyewe

Kosa moja sikulipata kwenye vitabu vya karne ya kumi na tisa. Lilikuwa la mtu wa programu. Swichi mbili za waya mmoja zikifunguka pamoja, betri inajikuta imeunganishwa chanya kwa hasi. Hilo nililijua, na programu yangu iliacha maikro-sekunde moja ya mapumziko kati ya kufunga moja na kufungua nyingine. Ilifanya kazi vizuri.

Isipokuwa wakati programu haipo. Chipu ikiwashwa, kuna muda mfupi kabla msimbo wangu haujaanza, na miguu yake haishikwi na mtu. Geti zinaelea. Mosfeti inafunguka nusu, na nusu, kama tulivyoona, ndiko joto linakozaliwa. Zilizosalia za kopo lile zilikufa hivyo, zikingojea mstari wa kwanza wa programu yangu nzuri. Dawa ni kipingamizi cha kilo-omu 10 kinachovuta kila geti chini, cha bei ya peremende. Tangu siku hiyo kila nikiandika programu najiuliza: kabla sijafika, nani anashika mlango?

Manga

Kwa nini niliweza kumaliza? Kwa sababu kuna waliofungua visanduku vyao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa roboti za kupigana walichangia michoro ya kidhibiti kimoja cha wazi kwa jina la OSMC. Mwaka 2015 Benjamin Vedder wa Sweden aliweka wazi kontrola yake, VESC, mchoro na msimbo pamoja, na nilijifunza kwayo kuliko kwa kitu kingine chochote. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Novemba 2011 wanafunzi na walimu wa Makerere waliliendesha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa vyombo vya umeme, na pikipiki hizi zikazidi kuja. Zinakuja na visanduku vyenye gundi nyeusi.

Lazima niwe mkweli kuhusu gundi hiyo. Nilipoanza niliiona ni uchoyo mtupu. Baada ya mvua moja ya Nyamira na barabara moja ya mawe niliielewa: inazuia maji na inashika vipande visitikisike. Ninachodai sasa ni mchoro. Weka gundi, lakini mpe fundi wa Keroka karatasi ya kumwonyesha kilicho ndani.

Siku ya jaribio tulipakia magunia mawili ya udongo badala ya abiria. Nilikuwa nimeweka kikomo cha ampea 60. Binamu alipanda Manga polepole, mimi nyuma yake kwa pikipiki ya petroli. Kileleni nilipima bati la kupozea: nyuzi 78. Bodi ilikuwa hai. Alicheka, akasema, "Sasa nifungie, kesho niko kazini."

Nilikataa, na hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mosfeti ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imeunganika. Kwenye mota ya aina hii, swichi zikiunganika hivyo gurudumu linashikwa kama limepigwa breki. Kwenye mteremko wenye utelezi, na mama mwenye mtoto nyuma, hilo si jaribio tena. Alinuna. Kipya alichoagiza kilifika wiki ya pili baada ya hapo, kwa deni jingine, na ndicho anachotumia.

Bodi yangu iko kwa shangazi. Inaendesha mashine ya kukatia ng'ombe majani, kwa betri kuukuu. Juzi binamu alinipigia simu. Jirani yake wa stendi kontrola yake imekufa, na wamekwangua gundi usiku kucha kwa kisu na moto. Wamekuta mosfeti sita, moja imepasuka. Akaniuliza, "Kaka, hii ya kwake, ni kosa la mwaka gani?"

Nimemwambia asiguse kitu, nakuja Jumamosi. Nitawaandikia tuliyoyakuta. Mbaki salama.